Meseji imetumwa, jibu halirudi: kutafuta hitilafu kwenye madodoso ya SMS na simu

Kwenye jedwali la data, mshiriki ambaye hakujibu huonekana kama seli tupu. Seli hiyo haisemi kama mtu amekataa, au meseji haikutoka, au ilitoka ikaishia njiani, au ilimkuta amelala saa nane usiku, au alijibu vizuri tu na mfumo wetu ukalitupa jibu lake. Nimewahi kukaa mbele ya jedwali lililoandikwa "hakujibu" kando ya majina ya watu ambao, tulipofuatilia, hawakuwahi kuulizwa swali hata moja. Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja: kimya cha mshiriki ni hitilafu yetu mpaka tuthibitishe kuwa si yetu.

Meseji hupita vituo kadhaa: orodha yako ya namba, mfumo wa dodoso, kampuni inayotuma meseji kwa niaba yako, kampuni ya simu ya mshiriki, simu yenyewe, kisha mwenye simu. Jibu hurudi kinyumenyume. Kabla ya kugusa mpangilio wowote, chagua mshiriki mmoja aliyekwama, chukua namba yake, uifuate kituo kwa kituo. Ukibadilisha mambo matano kwa mpigo, hata tatizo likiisha hutajua ni lipi lililoliondoa, na wiki ijayo litarudi.

Meseji haitoki kabisa

Anza na orodha ya namba. Najua inachosha, na kila mtu angependa kosa liwe la mtandao, lakini hapa ndipo ninapolikuta mara nyingi kuliko kwingine kote.

Mifumo ya kutuma inataka namba katika muundo wa kimataifa unaoitwa E.164: alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha namba bila sifuri ya mwanzo, tarakimu zote zisizidi 15. Excel haijui kwamba hiyo ni namba ya simu. Inadhani ni hesabu, kwa hiyo sifuri ya mbele inaondoka na alama ya kujumlisha inaondoka nayo. Namba ikiwa na tarakimu 12 au zaidi, Excel huionyesha kwa ufupi wa kihesabu, kitu kama 2.34E+11, na ukihifadhi faili la CSV likiwa hivyo, tarakimu za mwisho zimepotea kweli. Kuipa safu muundo wa maandishi baada ya hapo hakuzirudishi. Muundo wa maandishi huwekwa kabla ya kubandika au kuingiza namba, na ikishaharibika inabidi urudi kwenye fomu za awali.

Ongeza safu ya kuhesabu urefu wa kila namba, kisha panga kuanzia fupi hadi ndefu. Zenye kasoro zitajikusanya juu na chini: iliyopungua tarakimu moja, seli yenye namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, herufi O mahali pa sifuri. Kuna moja itakayokusumbua kwa sababu haionekani kwa macho: namba iliyonakiliwa kutoka kwenye orodha ya majina iliyohifadhiwa kwenye kompyuta inaweza kuja na alama isiyoonekana mbele yake. Ukiitazama iko sawa, lakini urefu unasoma tarakimu moja zaidi. Ifute uiandike upya kwa mkono.

Namba zikiwa safi na bado hakuna kinachotoka, angalia akaunti. Salio limeisha? Bado ni akaunti ya majaribio? Akaunti za majaribio hutuma kwa namba ulizozithibitisha tu. Ndiyo maana jaribio lako kwenye simu yako lilifaulu na la washiriki likagoma. Kwenye Twilio, mojawapo ya kampuni za kutuma meseji, kosa hilo ni 21608, namba yenye muundo mbovu ni 21211, na nchi ambayo hujairuhusu kwenye mipangilio hutoa 21408. Nchi nyingine hutaka mtumaji asajiliwe kwanza. Marekani, kwa mfano, namba za kawaida za tarakimu 10 zinazotumiwa na programu kutuma meseji zisiposajiliwa huzuiwa. Usajili huchukua muda, kwa hiyo uwekwe kwenye ratiba ya utafiti tangu mwanzo.

Mfumo unasema imetumwa, mshiriki anasema hajaiona

Wote wawili wanaweza kuwa wakweli. "Imetumwa" maana yake ni kwamba meseji imekabidhiwa kwa kampuni ya simu, basi. Unachohitaji ni ripoti ya ufikishaji, ile inayorudi kusema simu imeipokea. Kwenye itifaki ya SMPP, ambayo mifumo mingi huitumia kwa ndani, hali hizo huandikwa kwa ufupi: DELIVRD imefika, EXPIRED muda wake umeisha ikiwa bado inasubiri, UNDELIV haikuweza kufikishwa, REJECTD imekataliwa. Kama mfumo wako hauhifadhi ripoti hizi, washa kipengele hicho leo kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu bila ripoti hizo yote yanayofuata ni kubahatisha.

Ripoti ikionyesha simu haipatikani (30003 kwa Twilio), huenda imezimwa tu. Lakini jiulize meseji inasubiri kwa muda gani. Usipoweka kikomo, swali la "leo umekunywa dawa?" linaweza kumfikia mtu kesho yake anapowasha simu, akajibu kuhusu siku nyingine, na jibu likaingia kwenye data likionekana safi kabisa. Kwa maswali ya kila siku weka kikomo cha saa chache. Heri kukosa jibu kuliko kupata jibu la siku isiyo yake.

Kosa 30006 mara nyingi huashiria simu ya mezani. Kosa 30007 ni meseji kuchujwa kama taka, na hapo mshukiwa wa kwanza ni kiungo kilichofupishwa kwa huduma za bure za kufupisha viungo. Matapeli wanavipenda viungo hivyo, na kampuni za simu zinavizuia. Tumia anwani ya taasisi yako ikiwa nzima, hata kama ni ndefu.

Na kabla hujasema meseji imepotea, piga hesabu ya foleni. Namba ya kawaida mara nyingi huruhusiwa kutuma meseji moja kwa sekunde. Washiriki 3,000 maana yake ni dakika 50 kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Kama kila meseji ina vipande viwili, ni dakika 100. Mshiriki wa mwisho anayelalamika huenda bado zamu yake haijafika.

Wanaotumia REDCap, mfumo wa madodoso na data za utafiti, pamoja na Twilio wajue jambo moja litakalowachanganya: REDCap hufuta rekodi za meseji na simu kwenye akaunti ya Twilio baada ya kazi kumalizika, ili kulinda faragha. Ukiingia Twilio ukakuta patupu, si lazima iwe meseji hazikutoka. Rudi kwenye kumbukumbu za mialiko ndani ya REDCap yenyewe.

Meseji inafika vipandevipande, au gharama imepanda bila sababu

Hapa Kiswahili kina mtego wake, nami nilinaswa nao mzimamzima. Meseji moja hubeba herufi 160 ikiwa herufi zote zimo kwenye seti ya kawaida ya simu, inayoitwa GSM-7. Ikiingia herufi moja tu ya nje, meseji nzima hubadilishwa usimbaji na nafasi hushuka hadi 70. Ikibidi igawanywe, kila kipande hubeba 153 kwa GSM-7, au 67 kwa ule usimbaji mwingine.

Sasa tazama swali hili:

Je, tangu ulipong'olewa jino umepata maumivu? Jibu 1 kwa Ndiyo, 2 kwa Hapana. Kujitoa kwenye utafiti jibu ACHA.

Ni herufi 111, meseji moja. Lakini liandike kwenye Word, nayo itaigeuza ritifaa ya "ng'" kutoka ile iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Ritifaa iliyopinda haimo kwenye GSM-7. Swali lilelile, lisiloongezeka hata neno, sasa ni meseji mbili. Gharama imekuwa mara mbili, foleni imekuwa ndefu mara mbili, na kwenye baadhi ya simu za zamani nusu ya pili hufika kivyake, au hutangulia ya kwanza. Alama za kunukuu zilizopinda na kistari kirefu hufanya vivyo hivyo. Mabano ya mraba hayabadilishi usimbaji, lakini kila moja huhesabiwa kama herufi mbili.

Andika maswali kwenye kihariri cha maandishi matupu, au kabla ya kupakia tafuta ritifaa zote zilizopinda uzinyooshe. Kuliondoa neno lenye ng' si suluhisho. Mshiriki ana haki ya kuulizwa kwa Kiswahili kilichoandikwa sawasawa.

Kuhusu mpangilio wa maswali: kama mfumo unatuma swali la pili bila kusubiri la kwanza lijibiwe, yatapishana njiani. Swali linalofuata litoke baada ya jibu, si baada ya dakika kadhaa.

Mshiriki anajibu, mfumo hauoni

Muulize kwanza meseji yako inaonekana imetoka kwa nani kwenye simu yake. Ikiwa ni jina la herufi, mfano UTAFITI, hawezi kukujibu. Jina la mtumaji, ambalo halizidi herufi 11, ni la kwenda tu. Dodoso linalotaka majibu linahitaji namba.

Namba ikiwepo, angalia anwani ya seva ambako majibu yanapelekwa. Namba moja huwa na anwani moja. Mwenzako akiunganisha mradi mwingine kwa namba hiyohiyo, majibu yako yanahamia kwake bila kelele yoyote. Vilevile, kama seva yako huchelewa kuitikia, baadhi ya kampuni za kutuma hudhani hukupokea na kulileta jibu tena, ndipo unapokuta jibu limerudiwa au dodoso limeruka swali. Seva iitikie papo hapo, uchakataji ufuate baadaye, na kila meseji itambuliwe kwa namba yake ya pekee ili ikija mara ya pili ipuuzwe.

Lakini kisa kikubwa ni kingine. Tuliwaandikia watu "Jibu 1 kwa Ndiyo, 2 kwa Hapana". Yaliyorudi yalikuwa ya namna hii: "1", "1.", "moja", "ndio", "NDIYO kabisa", "namba 1", "1 asante sana". Ukiyasoma unayaelewa yote. Mfumo ulilikubali la kwanza peke yake, na kwa mengine ukarudia swali, tena na tena. Hebu jiweke mahali pa mshiriki: umejibu kwa adabu, hata shukrani umetoa, halafu unaulizwa jambo lilelile mara tatu. Mara ya nne huwezi kujibu, nami simlaumu mtu.

Punguza ukali wa mfumo. Ondoa nafasi na nukta, geuza herufi zote kuwa ndogo, tambua "ndio" na "ndiyo", "hapana", "la" na "siyo", tambua "moja" na "mbili". Kama meseji ina tarakimu moja tu inayokubalika, ichukue. Kama zimo mbili, kwa mfano "sio 1 ni 2", mfumo usikisie. Iende kwa mtu aisome. Baada ya kurudia swali mara moja, hifadhi maandishi kama yalivyo na uendelee na swali linalofuata. Na maandishi ya awali yasifutwe kamwe, hata ukishayapa msimbo.

Neno la kujitoa lina hatari zake. Kwa kawaida Twilio humzuia mshiriki akituma STOP, na pia CANCEL, END au QUIT. Usiweke neno lolote kati ya hayo kama chaguo la jibu, maana atakayelituma atakatika na utaona kosa 21610 kila ukimtumia. Upande wa pili ni mzito zaidi: mpangilio huo wa kawaida haulijui ACHA, wala SITAKI, wala NITOE. Mtu anaomba kutoka kwenye utafiti, mashine inamjibu "jibu si sahihi, tafadhali jaribu tena". Huko ni kuvunja ahadi tuliyompa alipotoa ridhaa. Ongeza maneno hayo mwenyewe, lakini yalinganishwe na meseji nzima, si kipande chake. Kwenye utafiti wa sigara, mtu aliyeandika "nimeacha" ametoa habari njema, na ndani ya neno lake mna "acha". Meseji ndefu zinazoonyesha kuchoka, kama "jamani acheni kunisumbua", zisomwe na mtu kila siku na zitekelezwe siku hiyohiyo.

Simu inaita, hakuna anayepokea

Namba ngeni haipokelewi, na ni busara ya watu. Siku ya kumwandikisha mshiriki, mwombe ahifadhi namba ya utafiti kwa jina lisilofichua kitu, kisha mtumie meseji muda mfupi kabla ya kumpigia. Hakikisha pia namba hiyo inapokea simu. Atakayeikuta "missed call" atapiga, na akisikia kwamba namba haitumiki ataamini alikuwa tapeli. Mfumo upokee, umwambie ni utafiti gani, ukate na kumpigia ili asitumie salio lake.

Ukiona simu nyingi zimepokelewa, zimedumu muda unaolingana kwa sekunde, na hazina jibu hata moja, uliyekuwa ukimhoji ni kinasa ujumbe. Fungua kila simu kwa "Ukiwa tayari, bonyeza moja" na usisome swali lolote mpaka kitufe kibonyezwe.

Anabonyeza, mfumo unasema haujasikia

Niliielewa hitilafu hii siku nilipokaa kando ya mama mmoja mtu mzima, simu yetu ikaingia akiwa nayo sikioni. "Mama, sasa bonyeza," nikamwambia. "Nabonyeza mwanangu, subiri." Akaitoa simu sikioni, kioo kikiwa cheusi. Akasubiri kiwake. Vitufe havikuwepo, akatafuta alama ya kuvifungua, akaipata, akabonyeza 2, akairudisha sikioni, na wakati huo sauti ilikuwa tayari inasema "samahani, hatujapata jibu lako". Mfumo ulikuwa umempa sekunde tano. Tulioweka sekunde tano ni sisi, tukiwa ofisini, tukijaribu kwa spika huku vitufe viko wazi mbele yetu. Weka 10 hadi 12, ruhusu swali lirudiwe, na kwenye swali la kwanza mweleze afungue vitufe na awashe spika kama yuko peke yake.

Kama vitufe vinasikika kwa wateja wa mtandao mmoja na si wa mwingine, tatizo ni la kiufundi. Kila kitufe ni milio miwili kwa pamoja. 5, kwa mfano, ni hezi 770 na 1336. Sauti ikibanwa sana njiani, kama inavyofanya kodeki (njia ya kubana sauti) ya G.729, milio hiyo huharibika, kwa hiyo kwenye simu za intaneti hupelekwa kama taarifa pembeni ya sauti, kwa utaratibu wa RFC 4733. Upande mmoja ukituma ndani ya sauti na mwingine ukisubiri pembeni, hakuna kinachofika. Zikifika njia zote mbili, 5 inakuwa 55. Mwombe mtoa huduma wako athibitishe utaratibu unaotumika kwenye njia nzima.

Sauti yenyewe nayo ina mchango. Simu ya kawaida hupitisha takriban hezi 300 hadi 3400, na konsonanti kama s na f hufifia. "Sita" na "tisa" kwenye laini mbovu ni karibu neno moja. Tengeneza maswali yasiyozidi machaguo manne au matano, na umtajie mtu jibu kabla ya kitufe: "Kama ni ndiyo, bonyeza moja". Rekodi kwa sauti ya mtu anayezungumza lugha hiyo, kisha ligeuze faili liwe la mono, hezi 8000, na ulisikilize kupitia simu halisi. Sauti ya kompyuta iliyowekwa kwenye lugha nyingine ikisoma Kiswahili, washiriki hukata kabla ya swali la pili.

Simu zinapigwa usiku wa manane

Kuna sababu mbili. Ya kwanza inajulikana: seva inahesabu kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, si za mahali alipo mshiriki. Hifadhi jina la eneo la saa la kila mshiriki, si tofauti ya saa peke yake, kwa kuwa nchi nyingine hubadilisha saa kwa majira.

Ya pili ni yetu wenyewe. Mshiriki anaulizwa tumpigie saa ngapi, anasema saa 2, karani anaandika 2, mfumo unapiga saa 02:00, yaani saa nane usiku. Alimaanisha saa 2 usiku, ambayo kwa mfumo ni 20:00. Fomu imlazimishe karani kuchagua asubuhi, mchana, jioni au usiku, igeuze yenyewe, na imsomee mshiriki alichosema kwa maneno yake: "Tutakupigia saa mbili usiku."

Anayejibu si yule uliyemwandikisha

Simu huwa ya watu wawili watatu nyumbani, na namba iliyoachwa hugawiwa mtu mwingine. Dalili zake ni umri unaobadilika au majibu yanayogeuka ghafla baada ya ukimya mrefu. Kama washiriki wawili wana namba moja, mfumo wa SMS hauwezi kujua nani amejibu. Wagawie siku tofauti na uanze kwa swali la kuthibitisha, au umpigie mmoja wao kwa sauti. Na kwa kuwa meseji huonekana hata simu ikiwa imefungwa, jina la ugonjwa lisiandikwe humo, wala kwenye jina la mtumaji. Mtu akijibu "namba hii si yake", isimamishe mara moja bila kumweleza alikuwa ni utafiti wa nini.

Ukishapita vituo vyote, rudi kwenye zile seli tupu na ubadilishe neno "hakujibu". Fungua safu moja ya hali yenye misimbo tofauti: haikutoka, haikufika, ilifika baada ya muda, ilifika haikujibiwa, alijibu haikueleweka, alijitoa, si mhusika. Ijazwe na mfumo kutoka kwenye ripoti za ufikishaji, kila usiku, si na karani mwishoni mwa utafiti wakati rekodi nusu zimeshafutwa. Asilimia ya waliojibu ihesabiwe kwa kugawanya na wale ambao swali liliwafikia, na idadi ya ambao halikuwafikia iandikwe kando yake, kwenye ukurasa uleule.